Kwa Nini Nilimrudisha Safina

Jinja,
Jumapili, baada ya adhuhuri

Dada yangu Zamzam,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Nianze na mguu wako, maana dereva wa basi aliniambia bado unachechemea ukitoka sokoni. Ile dawa ya kuchua aliyokuletea mke wangu Mariamu unaitumia, au umeiweka juu ya kabati kama ilivyo desturi yako? Na mama mkwe wako, macho yake yanaonaje siku hizi? Ule ukuta wa upande wa bondeni fundi amekuja kuutazama? Hapa sisi tupo. Mariamu mzima, mimi mzima. Nasema mzima kwa sababu nakula, nalala, na nikiamshwa naamka.

Neno lako nimelipata. Dereva alinikuta karibu na stendi, akanishika bega, akalisema kama alivyolibeba: "Dada yako anauliza, mtoto amefika na begi na mkeka, anakaa mlangoni, ukimuuliza anasema nimerudi tu. Watu wa Namatala wameanza kumtazama tumbo. Dada yako anasema kama kuna jambo, aliyemrudisha alitaje." Akalirudia mara ya pili asije akawa amesahau kitu. Nikamshukuru, nikamwambia jibu litakuja kwa maandishi.

Jibu ni hili. Safina hana mimba. Hakuna mwanamume, hakuna wizi, hakufukuzwa shule. Wasomee hayo wote wanaokuja kukaa barazani kwako kwa kisingizio cha kuomba chumvi. Mtoto wako amerudi kwa sababu ya kifua chake. Kifua chake kimeharibiwa na moshi, na moshi huo nilikuwa nikiuwasha mimi. Maneno hayo nimeyaandika mara tatu kwenye karatasi nyingine kabla ya kuyaandika hapa. Kila mara yalitoka vilevile.

Unakumbuka uliponikabidhi Safina. Alikuwa na miaka kumi na tatu. Barabara ya Tororo ilikuwa imejaa vizuizi vya askari, na huko kwenu milio ya bunduki ilikuwa bado inasikika kutoka upande wa Teso. Shule leo imefunguliwa, kesho imefungwa. Baba yake, tangu avuke mpaka kwenda Sudan mwaka ule serikali ilipoanguka na sisi watu wa kabila letu tukawa tunatafutwa nyumba hadi nyumba, hakuwa ameleta hata salamu. Ukaniambia, "Mchukue, Rajabu, akasome Jinja. Huko kumetulia." Na kweli kulikuwa kumetulia. Maduka ya barabara kuu yalikuwa yanafunguliwa moja moja, mafundi wanaziba matundu ya risasi na kupaka rangi juu yake. Kiwanda cha chuma kilicholala miaka yote ya vita kilipata wamiliki wapya. Nikapata kazi, nikapata na chumba katika kota za kiwanda. Nilijiona mtu mwenye bahati, na nilikuandikia hivyo.

Lakini sikukuandikia ni kazi gani. Nilisema kazi ya chuma, ukaridhika.

Kiwanda kile kinayeyusha masalio ya vita. Malori yanaleta kutoka kila upande: magari ya jeshi yaliyoungua, mabati yenye matundu, minyororo ya vifaru, vitanda vya hospitali, milango ya benki. Kabla chuma hakijaingia kwenye tanuru ni lazima kivuliwe kila kisicho chuma, yaani rangi, mipira, viti, nyaya. Njia ya haraka ni kuchoma. Kuna shimo kubwa nyuma ya kiwanda. Mimi nilikuwa mtu wa shimo. Vitu vikishatupwa ndani, namwaga oili chafu, nawasha, nakaa upande wa juu wa upepo na fimbo ndefu ya chuma mpaka viishe. Moshi wa nyaya ni wa manjano. Wa viti ni mweusi na mzito, hautaki kupanda, unatambaa chini kama maji machafu. Siku moja katika gari lililoungua nusu nilikuta daftari la mtoto wa shule, limejaa hesabu za kugawanya, zote amepata. Nililiweka pembeni. Baadaye nikalitupa shimoni pamoja na mengine.

Kutoka shimoni hadi uzio ni hatua chache, na nje ya uzio ndio mstari wa mwisho wa kota. Chumba chetu ni cha tatu.

Nilijua moshi unaingia ndani. Kila mtu alijua. Mariamu alikuwa akianua nguo zikiwa na vumbi jeusi, anazikung'uta, anazirudisha kwenye maji. Tulikohoa, tukazoea. Baada ya mambo tuliyoyaona, dada, kikohozi kilikuwa kitu gani? Mtu mzima anakohoa, anatema, anakwenda zake. Sikufikiria kwamba kifua cha mtoto anayekua ni kitu kingine.

Chumba cha jirani aliishi Mama Kagoya, Msoga mmoja mjane anayeuza katogo kwenye geti la kiwanda, ndizi na utumbo, sufuria mbili kila siku. Binti yake Kagoya alikuwa na miaka kumi na sita. Yeye na Safina walikuwa kitu kimoja. Walikwenda shule pamoja kule Mpumudde, wakarudi pamoja, wakasuka nywele pamoja, wakagombana na kupatana kabla maji ya chai hayajachemka. Kagoya alikuwa mcheshi. Aliweza kumwigiza nyapara wetu anavyotembea, tumbo mbele, mikono nyuma, mpaka hata mimi nikacheka. Huyo nyapara tunamwita Afande kwa sababu aliwahi kuwa askari, na yeye anapenda kuitwa hivyo.

Mwaka jana mwalimu wao wa kuimba, Mwalimu Nangobi, alikuja kota. Alikuja kwa miguu, saa kumi jioni, akauliza nyumba ya mjomba wa Safina. Nilidhani mtoto amekosa adabu. Hakukaa kwenye kiti nilichompa. Akasema, "Mzee Rajabu, nina wasichana wanane kutoka hizi kota katika kwaya yangu. Wote wanakata wimbo katikati. Nilidhani ni uvivu."

Akanieleza kwamba aliwapanga darasa zima, akawaambia kila mmoja avute pumzi mara moja kisha ahesabu kwa sauti mpaka imwishie. Wanafunzi wa huko juu, wanaokaa kwenye nyumba zenye bustani, walipita thelathini bila taabu. Safina alifika kumi na moja. Kagoya alifika tisa, akacheka, na kule kucheka kukamfanya akohoe mpaka akashika dawati.

"Mnachoma nini huko?" akaniuliza.

"Vyuma, mwalimu."

"Chuma hakinuki mpira."

Safina alikuwa amesimama mlangoni na ndoo, anasikiliza. Mwalimu alipoondoka nilimuuliza, "Kwani kifua kinakuuma?" Akasema, "Hakiumi, Mjomba. Kinabana tu, kama nimefungwa kanga." Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu mwaka wa kwanza. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akainua ndoo, akaenda kuteka maji.

Zile barua alizokuwa akikuandikia, kwamba yeye hajambo na kwamba Jinja ni pazuri, zilikuwa zake mwenyewe. Sikumfundisha kuandika hivyo. Lakini nilizisoma kabla ya kuzitia kwenye bahasha, nikazitia.

Tulimpeleka kwa Nasi Kulusumu, muuguzi mstaafu ambaye amefungua zahanati ndogo sebuleni kwake. Ni mama mkali, anavaa miwani iliyofungwa kwa uzi. Alimsikiliza Safina mgongoni muda mrefu, akimwambia vuta, toa, vuta, toa. Kisha akanipa mimi kile chombo cha kusikilizia, akasema, "Sikiliza mwenyewe." Dada, ndani ya mgongo wa mtoto mlikuwa na mluzi, mwembamba, kama wa birika linalokaribia kuchemka. Nilikirudisha kile chombo.

"Nimeshapokea watoto wengi wa kota zenu," akasema. "Wa umri huuhuu. Wadogo zaidi wanabebwa mgongoni na mama zao sokoni, wanapata hewa. Hawa ndio wanaobaki nyumbani kupika na kufua, halafu jioni wanakimbiakimbia na mapafu yanayokua. Nitampa vidonge vya pumu. Vitamfungua kifua. Lakini akitoka hapa unampeleka wapi?"

"Nyumbani."

"Pale pale?"

"Pale pale."

Akaandika dawa.

Hapo ndipo ningepaswa kumrudisha kwako. Najua. Niliwaza barabara, niliwaza shule, niliwaza utakavyosema, zikapita wiki. Vidonge vilimsaidia. Alicheka tena, nikajiambia imekwisha.

Mama Kagoya ndiye aliyekwenda kwa meneja. Alikusanya akina mama wa mstari wa mwisho, wakaketi chini mbele ya ofisi mpaka meneja akatoka. Sisi wafanyakazi tuliitwa tusimame kando, tushuhudie. Safina na Kagoya walikuwepo, nyuma ya akina mama, bado na sare za shule. Mama Kagoya hajui Kiswahili kizuri, lakini alikizungumza hivyo hivyo ili tuelewe wote. Alisema, "Bwana meneja, hii moshi inatoka kwa shimo yenu. Inaingia kwa nyumba, inaingia kwa chakula, inanuka taili. Watoto yetu hapana pumua. Sisi hapana kataa kazi. Peleka shimo mbali, basi."

Meneja hakukasirika. Alitabasamu. Akasema nchi inajengwa upya, na kujenga kuna vumbi lake. Kisha akatugeukia sisi. "Wanaofanya kazi shimoni wako hapa. Wao wanaupumua moshi huo kuliko mtu yeyote. Kama kuna mmoja anayeona moshi unadhuru, anyooshe mkono tumsikie."

Tulikuwa watu watano wa shimo. Nilikuwa nimeusikia ule mluzi kwa masikio yangu. Mwalimu alikuwa amekuja mpaka mlangoni kwangu. Sikunyoosha mkono. Wala wenzangu hawakunyoosha. Mama Kagoya alinitazama mimi peke yangu, akasema polepole, "Lajabu?" Nikatazama viatu vyangu. Meneja akasema, "Basi, mmesikia," na akina mama wakanyanyuka wakikung'uta nguo zao.

Siku ile Safina alinitengea chakula kama kawaida. Alininawisha kama kawaida.

Sasa nakuja kwenye siku yenyewe. Nataka uijue kama ilivyokuwa.

Ilikuwa Jumatano. Shule ilikuwa imefungwa kwa likizo, wasichana wako nyumbani. Asubuhi lori lilileta mabaki ya basi lililoungua barabarani wakati wa vita, viti bado vimo, na mafungu ya nyaya. Afande alisema tanuru linasubiri, tuchome vyote kwa pamoja. Kwa kawaida tulikuwa tukigawa. Nikamwambia, "Afande, upepo unageuka." Akanijibu, "Upepo sio mwajiri wako." Hata hivyo simlaumu yeye. Kiberiti kilikuwa mkononi mwangu. Niliwasha.

Moshi ulitoka mwingi kuliko siku zote, ukaanguka upande wa kota, ukakaa. Upepo ulikufa kabisa. Niliona mapaa ya mstari wa mwisho yanapotea, la kwanza, la pili, letu. Niliendelea kugeuza moto.

Baada ya muda nilimwona Safina kwenye uzio. Alikuwa ameshika waya kwa mikono yote miwili, anafumbua na kufumba mdomo. Moto ulikuwa unanguruma, sikusikia kitu. Nilidhani ameniletea chakula, maana ilikuwa karibu saa ya kula. Nikamwashiria kwa mkono akiweke chini, aende. Hivi, mkono kuelekea chini, mara mbili. Akabaki pale. Nikamwashiria tena. Akakaa chini, nikafikiri amenielewa. Nikageuka kwenye moto.

Hakuwa na chakula, dada. Hakuwa na kitu mkononi. Alikuwa akiniita kwa sauti ambayo hakuwa nayo.

Mwenzangu mmoja ndiye aliyeniambia, "Rajabu, yule mtoto wako amelala." Nikatupa fimbo. Nilipomfikia midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu, mabega yanapanda na kushuka, ngozi ya shingo inaingia ndani kila anapovuta pumzi. Hakuweza kusema. Alinyoosha kidole kwenye mlango wa Mama Kagoya.

Kagoya alikuwa ndani, amekaa sakafuni, amejiegemeza kwenye gunia la ndizi za mama yake. Alikuwa amefunga dirisha na kuziba chini ya mlango kwa kanga ili moshi usiingie, na moshi ulikuwa umeshaingia. Macho yalikuwa wazi. Alikuwa bado anavuta, kidogo sana, kama mtu anayenusa ua.

Nilipiga kelele, wakaja vijana wawili wa boda boda na baiskeli zao. Mmoja alimchukua Kagoya, Mariamu akikimbia ubavuni kumshikilia asianguke. Mwingine alimchukua Safina, mimi nikamshikilia. Mama Kagoya alikuwa getini na sufuria zake. Alituona tunapita. Aliacha kila kitu, akakimbia nyuma yetu na mwiko mkononi, mpaka kwa Nasi Kulusumu alikuwa bado ameushika.

Kagoya alifariki njiani, karibu na msikiti mdogo. Mariamu ndiye aliyejua. Hakusema, aliendelea kumshikilia wima mpaka mlangoni ili mama yake asione barabarani.

Safina alichomwa sindano. Nasi Kulusumu alimkalisha ameinama mbele juu ya mto, akamshika paji la uso, akawa anamwambia, "Polepole, binti, toa kwanza, usivute, toa." Ilichukua muda mrefu. Mimi nilisimama ukutani. Sikuomba dua, sikulia. Nilikuwa naitazama kalenda ukutani na kuisoma, Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Mpaka leo sijalia. Mariamu anasema nikilia nitapona, lakini sijui mtu anaanzia wapi.

Tulimzika Kagoya kwao, nje ya mji. Kiwanda kilituma lori na mbao za jeneza, gunia la unga wa posho na sukari. Mama Kagoya alizipokea mbao. Unga na sukari alivirudisha kwa lori lilelile.

Siku ya pili baada ya mazishi nilikwenda kazini. Nakuambia hili kwa sababu nisipokuambia mimi, utaambiwa na mwingine. Niliamka, nikavaa, nikaenda, Afande akanipa kiberiti, nikawasha. Nilifanya hivyo siku nne. Nilikuwa kama mtu anayemtazama mtu mwingine akifanya kazi.

Siku ya nne niliporudi, Safina alikuwa amekaa juu ya mkeka, mgongo ukutani, jinsi anavyokaa sasa. Tangu Jumatano ile alikuwa hajaniambia zaidi ya ndiyo na hapana. Nikaketi mbali kidogo, maana nguo zangu zilikuwa zinanuka. Akasema, "Mjomba, nilikuita."

Nikasema, "Nilikuona."

"Ulinipungia mkono."

"Nilidhani umeniletea chakula."

Akapumzika kidogo kupata pumzi. "Kagoya alisema nisiende. Alisema wewe hutakuja. Nikamwambia Mjomba wangu atakuja." Akapumzika tena. "Nikakaa chini, nikasema akimaliza atakuja."

Hayo ndiyo aliyoyasema. Yeye pia hakulia. Alizungumza kama anayesoma orodha ya vitu vya dukani.

Asubuhi sikwenda shimoni. Niligonga kwa Mama Kagoya. Nilidhani atanimwagia maji ya moto, na alikuwa nayo jikoni. Nikamwambia, "Mama, nataka twende kwenye kamati ya mtaa, niseme tunachoma nini." Maji yakaanza kumwagika motoni. Akasema, "Siku ile mimi naita wewe. Mbele ya watu."

"Ndiyo."

"Sasa mtoto hapana." Akaondoa sufuria. "Twende. Mimi hapana samehe wewe. Twende tu."

Tulikwenda. Mwalimu Nangobi alikuja, na Nasi Kulusumu na miwani yake ya uzi. Nilisimama, nikataja jina langu, jina la baba yangu, na kazi yangu, nikataja kila kitu tulichotupa shimoni, mpaka mafuta na betri. Nilisema kuhusu upepo. Nilisema kuhusu uzio, na mkono wangu. Mwenyekiti wa kamati aliandika muda wote. Kulikuwa na mtu wa kiwanda pembeni, naye aliandika.

Baada ya majuma mawili shimo lile lilifukiwa. Sasa wanachomea mbali, ng'ambo ya kinamasi, ambako mpaka sasa hakuna nyumba. Wanasema kuna watu wameshaanza kupima viwanja huko. Mstari wa mwisho watoto wanakohoa kidogo kuliko zamani, Nasi Kulusumu ndiye anayesema. Mimi nimeachishwa kazi na nimeambiwa nitoke kwenye kota mwezi huu ukiisha. Sikushangaa. Tumepata chumba kimoja nyuma ya soko kuu, nami nabeba magunia ya mchele na maharage kutoka kwenye malori. Watu wa soko hawaniulizi nilitoka wapi. Jina langu na sura yangu vinawatosha, wanasema huyu ni mtoto wa askari wa serikali ile iliyoanguka, basi. Hilo nimelizoea tangu ujana.

Safina nilimrudisha kwako kwa sababu Nasi Kulusumu alisema kifua chake kinahitaji hewa na muda, na kwa sababu yeye mwenyewe aliomba. Alisema, "Nipeleke kwa Mama." Nilipompandisha basi nilimweka dirishani. Nilitaka kumpa barua, lakini nilikuwa sijaiandika, nisingeweza. Kwa hiyo akaja bila neno langu, akakaa mlangoni kwako, nawe ukaachwa na midomo ya watu. Hilo pia ni kosa langu, liweke pamoja na mengine.

Sasa sikiliza mambo ya kufanya. Vidonge vimo katika kopo la chai ndani ya begi lake. Kimoja asubuhi, kimoja jioni, hata akisema yuko sawa. Asikae jikoni kuni zikiwa mbichi. Asipite kwa wale wanaochoma matofali kule mtoni. Akibanwa, usimlaze chali, mkalishe ainame mbele, na umwambie atoe pumzi kwanza. Usimfukuze mlangoni anapokaa. Anakaa pale kwa sababu kuna hewa. Na akipata nguvu mrudishe shule, maana Mwalimu Nangobi amempa barua ya uhamisho, iko katikati ya daftari lake la jiografia. Kuimba usimlazimishe.

Ukinikasirikia sitakuandikia kujitetea. Ukitaka nisije Idi, sitakuja.

Nisalimie mama mkwe wako, umwambie dua zake bado nazihitaji. Nisalimie shemeji Yusufu, kaka wa mumeo, na umwambie ndiye ninayemtegemea kuwajibu watu wa barazani. Nisalimie Hawa, mdogo wetu wa mwisho, na mtoto wake mchanga ambaye bado sijamwona. Nisalimie Shehe aliyetufundisha alifu na be. Mariamu anakusalimu sana, anasema kanga aliyomfunga Safina safarini isirudishwe, ni ya mtoto.

Safina mwenyewe usimpe salamu zangu. Mpe chakula, mpe dawa, mwache. Siku atakapokuambia kwa hiari yake, "Msalimie Mjomba," niandikie siku hiyo hiyo, hata kama ni mstari mmoja.

Ndimi mdogo wako,

Rajabu